Simu na Mazoezi kwa Kijana Mwenye Saratani: Mzazi Ajue Nini?

Kijana anaporudi kambini kutoka hospitali ya rufaa anakotibiwa saratani, familia nyingi humtandikia mkeka kivulini na kumwambia apumzike. Wadogo zake ndio wanaotumwa maji. Rafiki zake wakija na mpira wanaambiwa waende zao, mwenzao anaumwa. Yote haya hufanywa kwa upendo. Lakini baada ya wiki chache kijana yule yule anashindwa kuinuka chooni bila kushika ukuta, na nyumbani wanaanza kunong'ona kwamba ugonjwa umezidi. Inawezekana ugonjwa haujazidi. Inawezekana ni misuli iliyokaa bila kazi, na dawa zilizoidhoofisha.

Ndugu msomaji, katika toleo hili tunaeleza jambo ambalo vijana wenyewe ndio wametuletea. Wanasikia kwamba katika nchi nyingine wagonjwa wa rika lao hupewa programu za simu zinazohesabu hatua na kuwakumbusha mazoezi. Wanauliza kama nao wanaweza. Wazazi nao wanauliza kama si hatari. Majibu yako hapa chini, na mengi kati yake hayahitaji simu ya bei kubwa.

Je, mgonjwa wa saratani anaruhusiwa kufanya mazoezi?

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Saratani, ambayo wengine wanaiita kansa, haiambukizi kwa kucheza pamoja, kula sahani moja au kulala chumba kimoja. Na saratani ya mtoto si hukumu ya kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000, wenye umri wa hadi miaka 19, hupata saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 wanapona. Katika nchi nyingi zenye kipato kidogo na cha kati wanaopona ni chini ya 30 katika kila 100, kwa sababu wengi wanachelewa kufika, au wanaacha matibabu njiani. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau 60 katika kila 100 ifikapo mwaka 2030. Tunataja hesabu hizi kwa sababu mzazi anayeamini kwamba mwanawe atapona humlea kwa namna tofauti na yule aliyekwisha kata tamaa.

Sasa dawa. Dawa za saratani huua chembe za ugonjwa, lakini hazipiti mwilini bila kuacha alama. Iko dawa iitwayo vinkristini, inayotumika sana kwa saratani ya damu na ya tezi. Hiyo huweza kudhuru mishipa ya fahamu ya miguuni. Kijana anahisi ganzi au kuchomwachomwa vidoleni, na wengine huburuta mguu kwa sababu hawawezi kuinua unyayo vizuri. Dawa ya prednisoloni, ikitumiwa kwa wiki nyingi, huweza kuifanya misuli ya mapaja na mifupa iwe dhaifu. Hapo ndipo lilipo tatizo la kuinuka chooni. Tena iko dawa nyekundu inayopitishwa kwenye mshipa, doksorubisini, ambayo huweza kudhoofisha moyo, wakati mwingine miaka mingi baada ya matibabu kwisha. Ongeza upungufu wa damu na uchovu, uchovu ambao hauishi hata mtu akilala usiku kucha.

Mtu aliyechoka hivyo hulala. Akilala misuli hupungua, na ikipungua anachoka upesi zaidi, basi analala tena. Mazoezi mepesi yanakata mduara huo. Mwaka 2021 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walitoa mwongozo kuhusu mazoezi kwa watoto na vijana wenye saratani, na walikubaliana kwamba kujongea ni salama na kuna faida kwa wengi wao, wakati wa matibabu na baada yake, mradi kiasi kipangwe kulingana na hali ya kila mmoja.

Tusizidishe. Mazoezi hayaponyi saratani. Asitokee mtu akaacha kwenda kuchukua dawa kwa sababu anatembea kila asubuhi. Hata ushahidi wa faida zake bado ni mdogo: uchunguzi wa jumla uliotolewa mwaka 2016 na mtandao wa watafiti uitwao Cochrane ulikusanya tafiti 6 tu, zenye watoto na vijana wasiofika 200 kwa jumla. Ulionyesha dalili nzuri kwa nguvu za mwili na pumzi, lakini watafiti wenyewe walisema tafiti zaidi zinahitajika.

Simu inaingiaje hapo?

Ndani ya simu nyingi za kisasa kuna kidude kidogo kinachohisi mtikisiko. Ukitembea na simu mfukoni, kinahisi kila hatua na programu inaihesabu. Jioni kijana anaona tarakimu: leo hatua 1,300, jana 900. Programu nyingine hutoa mlio wa kukumbusha, nyingine hutoa nyota au pointi, nyingine huunganisha marafiki wakaona hesabu za kila mmoja.

Mjini Seattle, Marekani, watafiti walijaribu njia hii kwa vijana 60 wa miaka 14 hadi 18 waliokuwa wamemaliza matibabu ya saratani. Nusu yao walipewa bangili ya Fitbit inayohesabu hatua, wakawekwa kwenye kikundi cha Facebook, wakatumiwa ujumbe wa kuwatia moyo kwa wiki 10. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Vijana waliipenda, na waliivaa karibu siku 7 katika kila 10. Lakini walipopimwa, ongezeko la mazoezi halikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Jaribio jingine lilifanywa na hospitali ya watoto ya St. Jude, mjini Memphis, na kutangazwa mwaka 2018. Huko vijana walikusanya pointi kwa kujongea, wakazibadilisha kwa zawadi ndogo, kwa muda wa wiki 24. Nguvu za mikono ziliongezeka kwa waliokuwa wakipata zawadi, ingawa muda wao wa mazoezi haukutofautiana sana na wa wenzao.

Tunajifunza nini hapo? Kwa maoni yetu, simu peke yake haimwinui mtu mkekani. Kinachomwinua ni mambo matatu ambayo simu inayabeba: lengo dogo linalozidi kidogo lile la jana, hesabu anayoiona kwa macho yake, na mtu mwingine anayemuuliza, "Leo umefika wapi?" Mambo hayo yanaweza kubebwa pia na daftari la shule, kalamu, na dada mwenye subira.

Tahadhari kuhusu programu zenyewe

Programu nyingi za mazoezi zimetengenezwa kwa watu wazima wenye afya wanaotaka kupunguza unene. Kijana anayetibiwa saratani anahitaji kinyume chake. Kwake kupungua uzito ni jambo la kutisha, lakini programu itampongeza kwa kupungua kilo 2. Itamwambia ale kidogo. Programu ikikuuliza uzito unaotaka kufikia, au ikianza kuhesabu chakula, ifunge sehemu hiyo au iondoe programu yote.

Halafu kuna ile hesabu ya hatua 10,000 kwa siku. Vijana wanaiona kwenye simu na kudhani ni amri ya daktari. Haikutoka hospitali. Ilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na jina la kifaa hicho lilikuwa na maana ya hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la biashara. Kwa kijana aliyetoka kwenye dawa wiki iliyopita, hatua 1,000 zinaweza kuwa kazi kubwa na ya kutosha.

Simu pia haioni uzito. Kijana akibeba dumu la lita 20 kutoka bombani, simu itahesabu hatua 300 na kunyamaza. Mwili wake umefanya kazi nzito kuliko hatua 300 za mikono mitupu. Mwenye saratani ya mfupa asibebe mzigo kabisa mpaka daktari aseme, kwa sababu mfupa wenye uvimbe unaweza kuvunjika. Wengine nao wasirudishwe kwenye kazi ya maji kwa kisingizio cha mazoezi. Na simu iliyoachwa kwenye kibanda cha kuchajia haihesabu kitu, kwa hiyo siku hiyo andika dakika badala ya hatua.

Jambo jingine ni siri. Programu nyingi huomba jina, umri na mahali ulipo. Si lazima ujibu. Weka jina la utani, na uzime sehemu inayoonyesha mahali ulipo. Kwa sisi tunaoishi ukimbizini hilo si jambo dogo. Kama mmeunda kikundi cha WhatsApp, picha ya kijana aliyenyonyoka nywele isitumwe bila yeye mwenyewe kukubali. Akikataa, basi.

Namna ya kuanza hapa kambini

Kwanza muulize daktari au muuguzi siku ya kliniki. Uliza hivi: "Mtoto wangu anaruhusiwa kutembea kiasi gani? Kuna kiungo asichotakiwa kukitumia? Damu yake ikoje wiki hii?" Jibu liandikwe kwenye daftari la mgonjwa ili mhudumu wa afya ya jamii wa zoni yenu alisome.

Wiki ya kwanza msibadilishe kitu. Hesabuni tu. Tuseme binti wa miaka 15 anahesabu hatua 800 Jumatatu, 1,100 Jumanne, 900 Jumatano, 1,300 Alhamisi, 700 Ijumaa, 1,200 Jumamosi na 1,000 Jumapili. Jumla ni 7,000, yaani wastani wa 1,000 kwa siku. Hapo ndipo anapoanzia. Wiki ya pili lengo liwe 1,100 kwa siku. Akiliweza bila shida, wiki ya tatu liwe 1,200. Ongezeko la namna hiyo linaonekana dogo, hata vijana wengine hulicheka, lakini anayeruka kutoka 1,000 hadi 5,000 kwa siku moja hulala siku mbili zinazofuata na kuacha kabisa.

Ikifika wiki ya dawa, lengo lishuke. Hata hatua 300 za kuzunguka nyumba zinatosha, na siku za kutapika zisihesabiwe kabisa. Asilaumiwe. Programu nyingi zina tabia mbaya hapa: ukikosa siku moja zinafuta nyota zako zote. Daftari halina tabia hiyo.

Mwenye kitochi asijione ameachwa nyuma. Kitochi kina kengele: iwekeni iite saa 12 na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali, na tena saa 10 na nusu jioni. Baadhi ya dawa, kama methotreksati, huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, kwa hiyo saa sita mchana si wakati wake, na kofia au kitenge kichwani kinasaidia. Kitochi pia kina saa ya kuhesabu dakika. Pimeni njia moja, kwa mfano kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mikutano na kurudi, na mwandike inachukua dakika ngapi. Ujumbe mfupi kutoka kwa kaka aliyeko zoni nyingine, "Umetembea leo?", unafanya kazi ile ile ya programu ya bei kubwa.

Kwa mapaja yaliyodhoofika kuna zoezi moja tunalolipenda kuliko mengine. Kijana akae kwenye kigoda au kiti kilichoegemezwa ukutani ili kisiteleze, akunje mikono kifuani, asimame, akae tena taratibu. Akishindwa ashike bega la mtu. Aanze na mara 3, apumzike, kisha mara 3 tena. Aandike. Baada ya wiki kadhaa aangalie kama ameweza kutoka chooni bila kushika ukuta, maana hicho ndicho kipimo chenye maana kwake kuliko tarakimu za simu. Mwenye miguu yenye ganzi asitembee peku hata ndani ya uwanja wa nyumba, kwa sababu atakanyaga msumari au kaa la moto na asihisi. Viatu vifunike vidole, na njia iwe tambarare. Aliyekatwa mguu afanye mazoezi ya mikono na kiuno akiwa amekaa, na aulize zahanati kuhusu mtaalamu wa viungo.

Nguvu ya zoezi ipimwe kwa maneno. Akiwa anatembea aweze kuzungumza nawe. Kama anaweza kuimba wimbo mzima, anaweza kuongeza mwendo kidogo. Kama hawezi kumaliza sentensi, apunguze.

Mpira je? Siku ambazo daktari amesema damu ni nzuri, kijana anaweza kupiga mpira na rafiki mmoja au wawili. Mechi ya kugongana hapana, hasa chembe za kugandisha damu zikiwa chache. Chembe nyeupe zikiwa chini aepuke pia msongamano, yaani foleni ya mgao, sinema ya kibandani na uwanja uliojaa watu, kwa sababu maambukizi yanampata upesi.

Siku ambazo hakuna mazoezi

Kijana mwenye joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi asifanye zoezi, na wala asingojee kesho. Apelekwe zahanati saa hiyo hiyo, hata usiku, na mseme mlangoni, "Huyu anatibiwa saratani." Kambini tumezoea kudhani kila homa ni malaria, tukampa mtoto dawa ya kutuliza homa na kulala. Kwa anayetumia dawa za saratani, homa inaweza kuwa maambukizi kwenye damu, na yanaua kwa muda mfupi. Kipimo cha malaria kikionyesha malaria, bado mweleze mganga kuhusu saratani.

Asifanye pia akitokwa na damu puani au kwenye ufizi, akiwa na madoa mekundu au michubuko mipya ambayo hakujigonga, akiumwa kifua, akikosa pumzi hata amekaa, akisikia moyo unakwenda mbio bila sababu, au akiwa na kizunguzungu. Maumivu mapya ya mfupa au ya mgongo nayo yanahitaji mganga, na vilevile miguu inayoishiwa nguvu ghafla au mkojo unaokataa kutoka. Hizo si dalili za uvivu, na hakuna programu ya simu inayozijua.

Na chakula kikiwa kidogo?

Hili ni swali la haki. Mgao ukipungua, mzazi anajiuliza kama ni busara kumtembeza mtoto aliyekula uji tu. Jibu ni kwamba matembezi mafupi na zoezi la kigoda havili chakula kingi, na vinasaidia kulinda misuli, ambayo mwili wenye njaa huipunguza. Lakini kijana anayepungua uzito wiki hadi wiki asiongezewe lengo. Mleteni apimwe uzito na mzingo wa mkono, kwani huenda anastahili chakula cha nyongeza. Zoezi lifanyike baada ya kula, na maji safi ya kunywa yawe karibu.

Kuhusu gharama, kuhesabu hatua hakuhitaji bando wala vocha. Programu nyingi za kuhesabu hatua zinafanya kazi bila intaneti, na simu nyingine za kisasa zinauzwa zikiwa nayo tayari. Anayekuomba fedha ili akuwekee programu ya kutibu saratani ni tapeli, hata kama amevaa koti jeupe.

Safari ya hospitali ya rufaa ikifika, daftari la hatua liende pamoja na karatasi za dawa. Daktari bingwa humwona kijana kwa dakika chache baada ya wiki nyingi, na akiona kwamba mwezi uliopita alitembea dakika 20 na sasa anachoka kwa 5, atajua apime damu au asikilize moyo kabla ya kutoa dawa inayofuata. Wasiojua kuandika wanaweza kuchora mstari mmoja kwa kila dakika. Ambaye hana daftari amwombe mhudumu wa afya ya jamii wa zoni yake, na kijana mwenyewe ndiye alibebe.